Mbuzi wa Severini

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye geti la Bustani ya Furaha, na kufikia Jumanne mchana kila mtu wa Ilembo, mjini Mpanda, alikuwa amelisoma isipokuwa Gaudensia. Yeye alipita upande wa pili wa barabara, ndoo ya asali kichwani, macho mbele kama mtu anayeitwa na hataki kuitika. Hakuwa na haja ya kulisoma. Sokoni walikuwa wamemsomea mpaka akalijua kwa moyo: makaburi yote yaliyo upande wa mashariki wa bustani yatasawazishwa kupisha bembea za watoto na vibanda vya chipsi, mwenye ndugu yake hapo ajitokeze ofisi ya bustani ndani ya siku ishirini na moja, akiwa na uthibitisho.

"Nani atajitokeza?" aliuliza muuza nyanya wa meza ya jirani. "Nani ataenda kusema mbele za watu, mimi ni wa ukoo wa vichaa?"

Watu wakacheka. Gaudensia naye akacheka, maana asiyecheka angeulizwa kwa nini.

Bustani hiyo ina jina la kwenye kibao na jina la mdomoni. Kibao kinasema Furaha. Watu wanasema Kwa Wazimu, kwa sababu kabla haijawa bustani palikuwa na nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Nyumba ilifungwa zamani, ikabaki misingi yake na makaburi arobaini na kitu yasiyo na majina. Kila kaburi lilikuwa na kibati chenye namba, lakini wakusanya vyuma chakavu hawaogopi mizimu, walivibeba vyote. Zikabaki hadithi. Kwamba jua la saa sita likiwaka wafu huimba, sauti nzito isiyo na maneno. Kwamba kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, kuna asubuhi moja ardhi hukutwa imepakwa weupe chini ya mti mmoja, na hakuna nyayo. Méthode, mlinzi wa getini, mtu wa Katumba anayevaa koti la baridi hata mwezi wa kumi, huwasimulia wageni mambo hayo kwa sauti ya chini, na wageni hawamwachi mikono mitupu.

Gaudensia hakuwahi kuogopa weupe ule. Ulikuwa unga wa mtama, na aliyekuwa akiumwaga ni yeye.

* * *

Mumewe, Damiano, mstaafu wa reli, alilipokea tangazo kama mtu aliyetatuliwa tatizo. Alikaa uani akimenya muhogo, akasema jambo hili linajimaliza lenyewe. Tingatinga litapita, watoto watabembea, na hakuna atakayeuliza tena nani alilala pale. Alisema kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake wote ulikuwa kwa ajili ya nyumba yake.

Gaudensia aliendelea kuchuja asali. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha mninga, kitu pekee cha baba yake alichobaki nacho nyumbani. Chini ya kigoda kile kuna alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: duara, na ndani yake mikato mitatu. Baba yake, Severini, alikuwa fundi mizinga wa Inyonga, na kila fundi mizinga ana alama yake. Mzinga hukaa porini peke yake miaka na miaka bila mlinzi wala kufuli, na mtu mwenye adabu akiiona alama hupita. Severini aliugua akili Gaudensia akiwa na miaka tisa. Aliletwa Mpanda juu ya lori, amefungwa kamba ya katani, akakaa katika nyumba ile miaka minane, akafia humo. Damiano aliyajua hayo tangu uchumba na akaoa hivyo hivyo, na kwa hilo mkewe hakuacha kumheshimu.

Lakini mwaka jana alikuja Mabula, mshenga, kumposa binti yao Agape kwa niaba ya kijana mmoja aitwaye Ngolo, bwana mifugo, mtoto wa mzee Malale, Msukuma mwenye ng'ombe kule Majimoto. Wasukuma hawa huuliza habari za nyumba kabla ya kumtoa ng'ombe zizini. Kuna ukoma? Kuna uchawi? Kuna kichaa? Na si wao tu. Wakonongo, watu wa kwao Severini, nao huuliza, isipokuwa wao huuliza kwa majirani. Mabula alipofika kwenye swali la babu mzaa mama, Damiano alijibu haraka kuliko alivyowahi kujibu jambo lolote: mzee alizama ziwani, amezikwa Karema. Uongo ulimtoka vizuri mno, hata akaongeza jina la mtumbwi.

Gaudensia siku ile alitazama chini. Yeye ambaye soko zima linamjua kwa asali isiyochanganywa sukari, ambaye mteja akionja kwa wengine hurudi kwake akiomba radhi, alikaa kimya na kumwacha baba yake afe maji.

* * *

Jumatano jioni, jua likiwa bado halijazama, Mabula akaja na ujumbe. Alikunywa chai, akasifu maandazi, akazunguka kama mshenga anavyozunguka, kisha akatua. Mambo yote yamekubalika. Limebaki moja tu. Katika ukoo wa Malale, babu mzaa mama wa binti ana mbuzi wake. Akiwa hai, anapewa mkononi. Akiwa amekufa, mbuzi anapelekwa kaburini, mzee anaambiwa nani anamchukua mjukuu wake, na mbuzi anachinjwa kwa jina lake. Bila hivyo ng'ombe hawatoki.

"Kwa hiyo Jumamosi tunaenda wote Karema," alisema Mabula. "Gari limeshapatikana, na mbuzi yupo. Dume, mweupe."

Damiano alisema barabara ya Karema ni mbaya. Mabula akasema siku hizi ni nzuri. Damiano akasema huenda kaburi limefunikwa na majani. Mabula akasema watabeba panga. Agape, aliyekuwa akitoa vikombe, alimwona baba yake akitia sukari kwenye kikombe kitupu, akashangaa, maana habari za mbuzi hazitoshi kumchanganya mtu hivyo.

Mshenga alipoondoka, Damiano alikuwa na mpango tayari. Kule Karema anaye mpwa, Elias. Makaburi ya zamani yasiyo na msalaba yapo mengi. Apigiwe simu, achague moja, alipake chokaa, aandike jina la Severini, basi. Watu watapiga magoti, mbuzi ataliwa, harusi itafungwa.

Gaudensia alisimama.

"Mwaka mzima huu nimekubali baba yangu afe maji," alisema, "mtu ambaye hakuwahi hata kukanyaga mtumbwi. Nimekubali kwa ajili ya mtoto. Lakini mbuzi wake hatapewa mtu mwingine, Damiano. Baba yangu hatakula kwa jina la kaburi la jirani."

"Kwani babu yuko wapi?" Agape aliuliza toka mlangoni.

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Gaudensia alimwambia, palepale, bila kupunguza: lori, kamba ya katani, ile nyumba, na unga wa kila mwaka. Agape ni mwalimu wa darasa la tano, amezoea kuuliza maswali ambayo majibu yake anayajua. Hili alilouliza sasa hakulijua jibu lake.

"Na mimi itanipata?"

"Sijui, mwanangu," Gaudensia alisema. "Mimi haijanipata. Dada zangu wawili hawakupatwa. Zaidi ya hapo nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya, na tumeshakudanganya vya kutosha."

Agape aliweka vikombe chini polepole. Alisema kwamba wanafunzi wake wenyewe huwa wanatishana kwa habari za Kwa Wazimu, na yeye huwacheka, na mara moja aliwahi kuwachekesha kwa kuigiza wafu wanavyoimba. Kisha akaingia ndani. Gaudensia alibaki uani akiwa na maumivu ya mtu aliyemvunjia mtoto kitu chake mwenyewe.

* * *

Alhamisi asubuhi alivaa kitenge chake kizuri, cha kanisani, akaenda ofisi ya bustani. Kulikuwa na benchi la kusubiria na watu watatu waliokuja kuomba nafasi za vibanda vya chipsi. Wakasogea, akakaa. Mmoja akamuuliza na yeye anataka kuuza nini. Gaudensia akasema hauzi, amekuja kwa ajili ya kaburi.

Benchi lile lilikuwa fupi, lakini watu wale watatu walipata pa kusogea tena. Yule wa mwisho alisimama kabisa, akajifanya anasoma kalenda ukutani.

Afisa wa bustani ni dada mmoja aitwaye Queen, kijana, nadhifu, mwenye daftari kubwa na mhuri. Hakuwa na dharau. Alimkaribisha mama, akamuuliza ana cheti cha kifo. Hana. Kibali cha mazishi? Hana, mwaka themanini na saba waliambiwa tu njooni mzike. Namba ya kaburi?

"Kumi na saba."

"Kibati chenyewe kipo?"

"Kimeibiwa, kama vyote."

"Sasa mama, kila mtu akija akaniambia kumi na saba, mimi nitafanyaje?"

"Wamekuja wangapi?"

Queen alifungua daftari, ingawa hakuhitaji kulifungua. Ukurasa ulikuwa mweupe. Akasema wewe ndiye wa kwanza, na sauti yake ilishuka kidogo alipolisema hilo. Lakini utaratibu ni utaratibu. Alete chochote chenye jina, au namba, au alama, kinachoonyesha kwamba marehemu alikuwa wake na kaburi ni lake. Alete na shahidi asiye wa damu. Bila hivyo hawezi kuandika.

Kutoka ofisini Gaudensia ilibidi apite tena mbele ya lile benchi. Alisikia mmoja akimwambia mwenzake, kwa ile sauti ya kunong'ona inayotaka kusikika, kwamba kumbe mama muuza asali ni wa wale. Alitembea wima. Machozi yalimfikia getini, na getini alikuwepo Méthode, ambaye alimpa kiti chake bila kuulizwa.

"Mama Agape," alisema, "mimi nakuonaga kila mwaka. Najifanyaga nimelala."

"Na watu unawaambia ni mizimu."

"Ningewaambia ni wewe?" Méthode alisema. "Bora waogope wafu kuliko wakucheke wewe."

Gaudensia hakujua acheke au alie, akafanya vyote kidogo kidogo, akamrudishia kiti chake, akaenda sokoni kuuza asali. Jioni ile Agape alikaa nje muda mrefu na simu sikioni, akiongea chini chini. Mama yake hakumuuliza alikuwa anaongea na nani.

* * *

Ijumaa mchana simu ya Damiano iliita na yeye akaipokea akiwa amemgeuzia mkewe mgongo. Hakujua kwamba sauti ya Karema husikika uani kote. Alikuwa Elias, mpwa, na nyuma ya Elias kulikuwa na watu wengi. Ilikuwa hivi: Damiano, pamoja na yote aliyosema mkewe, alikuwa ameshampigia tangu Jumatano. Elias alichagua kaburi zuri la zamani lililozama kidogo, akalipaka chokaa, akaandika Severini kwa rangi nyeusi. Kumbe lilikuwa kaburi la katekista mmoja wa zamani, na wajukuu wa katekista wapo, wengi, na wana sauti. Wamemkamata na ndoo yake. Wanataka alisugue kaburi mpaka lirudi lilivyokuwa, na alete jogoo wa kuomba radhi, na kwanza kabisa wanataka kuongea na huyo mjomba aliyemtuma.

Damiano aliongea nao. Aliita watu wasiomzidi umri baba, akaita mama, akakubali jogoo, akakubali kila kitu. Alipokata simu alikuwa na jasho kama aliyepakua behewa zima.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema mwenyewe, bila kuambiwa. Alikaa chini. "Gaude, mimi nimeshindwa. Kesho sema wewe."

Gaudensia alimletea maji. Alikuwa na hasira naye, na alimpenda, na mambo hayo mawili yamekaa pamoja katika nyumba ile kwa miaka thelathini bila kugombana. Agape alitoka ndani akasema anataka jambo moja tu: watu wasipande kwenye gari kwanza. Waambiwe wakiwa wamesimama hapa nyumbani, ili anayetaka kurudi kwao arudi bila kupoteza safari.

* * *

Jumamosi saa nne gari lilifika. Malale alishuka mbele, mzee mrefu mwenye koti jeusi, kofia na fimbo, kisha Mabula, kisha Ngolo akiwa na kamba ya mbuzi mkononi. Dereva hakuzima injini. Salamu zilikuwa ndefu kama inavyotakiwa, mwangaluka ikaenda na mwangaluka ikarudi, na mbuzi naye akalia ili asisahauliwe. Mabula alisema basi tupande, Karema si karibu.

"Zimeni gari kwanza," Gaudensia alisema.

Alisimama mbele yao na kigoda cha baba yake mkononi. Alikuwa amejiandaa maneno mengi usiku kucha, na asubuhi yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa machache.

"Mzee Malale, baba yangu hayupo Karema. Hakuzama. Baba yangu aliugua kichaa, akafia katika nyumba ya wagonjwa hapa hapa Mpanda, na kaburi lake liko ndani ya ile bustani watu wanayoiita Kwa Wazimu. Mume wangu aliwadanganya, na mimi nilikaa kimya, kwa hiyo tuliwadanganya wawili. Mbuzi ni wa baba yangu. Kama mnataka kumpa, nitawapeleka alipo. Kama hamtaki, barabara ya kurudi Majimoto mnaijua. Lakini kaburi la mtu mwingine sitawaonyesha."

Mabula alishika kichwa, maana katika kazi ya ushenga hakuna ubaya kama huu. Damiano alitazama viatu vyake. Agape alisimama nyuma ya mama yake na hakutazama chini, na mama yake, asiyemwona, alijua kwamba hakutazama chini.

Malale aliegemea fimbo yake mpaka injini ikapoa.

"Mayu," alisema mwishowe, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "wiki mbili zilizopita nilituma mtu Karema. Aliuliza kanisani, akauliza kwa wavuvi. Hakuna aliyewahi kumsikia Severini, wala huo mtumbwi. Nikasema, hawa watu wamemfanya nini mzee wao? Mtu asiye na kaburi ndiye ananitisha mimi. Leo nimekuja nione mtanipeleka kwenye kaburi la nani. Tungefika kule ukanionyesha chokaa, ningerudi na mbuzi wangu na habari zingeisha hapo."

Akamgeukia mwanawe. Akamuuliza kama alikuwa anajua.

"Tangu Alhamisi," alisema Ngolo. "Agape aliniambia mwenyewe."

"Na hukuniambia."

"Halikuwa la kwangu kusema, baba. Lilikuwa lao."

Malale alitikisa kichwa taratibu. Alisema habari ya ugonjwa imemgusa, hatasema haikumgusa, yeye si mtu wa kuuficha moyo. Lakini ng'ombe huugua na mtu huugua, na Ngolo ndiye anayeoa na ameshajua. Yeye kazi yake leo ni mbuzi. Wapi huko?

* * *

Walifika getini karibu na saa sita. Mabula alisema yeye atalinda gari. Méthode alimtazama Gaudensia, akamtazama mbuzi, akafungua geti kubwa, lile la kuingizia magari, ingawa hawa walikuwa wanatembea kwa miguu.

Upande wa mashariki nyasi zilikuwa ndefu na makaburi yalikuwa vifundo vifundo tu chini yake. Wauza chipsi watarajiwa walikuwa wakipimana viwanja kwa kamba. Walipomwona mama muuza asali akiongoza Wasukuma wawili, mwalimu, mzee wa reli na mbuzi kuelekea kule, waliacha kamba zao wakafuata kwa mbali. Jua lilikuwa kali. Na wafu wakaanza kuimba.

Ilikuwa kweli sauti nzito, isiyo na maneno, ikitoka hewani. Wa nyuma walisimama. Ngolo naye alisimama. Gaudensia aliendelea mpaka chini ya mti mkubwa wa mtundu, penye doa lililofifia la unga aliokuwa ameumwaga wiki chache nyuma, akaweka kigoda chini, akanyoosha kidole juu.

"Tazameni," alisema. "Msipige kelele tu."

Katikati ya majani, juu mara tatu ya urefu wa mtu, ulilala mzinga wa gogo la mninga, mweusi kwa uzee, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwa maelfu. Watu wa Ilembo walikuwa wamepita chini ya mti ule miaka nenda rudi wakikimbia, na anayekimbia hatazami juu.

"Akili zikimrudia alikuwa anachonga," Gaudensia alisema. "Walimpa shoka, wakamwamini, mgonjwa. Asali ya huo mzinga walikula wagonjwa wenzake wote, na manesi. Alimwambia mama, nikifa mnilaze hapa chini, nisikie nyuki wangu wakifanya kazi. Mama akamlaza hapa. Nilikuwepo. Niliubeba mchanga kwa mikono yangu."

Kwa mara ya kwanza tangu utoto alikuwa akimtaja baba yake kwa sifa mbele za watu, na aliona jinsi baba yake alivyo mkubwa.

Ngolo alitoa simu, akaivuta picha mpaka mzinga ukajaa kiooni. Ubavuni mwa mzinga kulikuwa na duara, na ndani ya duara mikato mitatu. Agape alikipindua kigoda. Malale aliinama juu ya simu, akainama juu ya kigoda, akaipapasa alama kwa kidole gumba, kama anayekagua paja la ng'ombe mnadani.

Wakati huo Queen alikuwa anakuja mbio kutoka ofisini, maana ameambiwa mbuzi anakula maua ya bustani, na ilikuwa kweli. Alianza na habari za maua. Alipomaliza, Gaudensia alimwambia uthibitisho alioutaka ni huu: alama ya mzinga na alama ya kigoda. Queen alitazama muda mrefu. Akasema anaona, lakini hajui kama kwenye fomu alama ya mzinga inatosha.

"Binti," Malale alisema, "mimi nina ng'ombe wengi kidogo. Ng'ombe wangu akipotea, akaonekana kwenye zizi la mtu mbali huko, hakuna anayeniuliza cheti. Tunaangalia chapa. Chapa ikiwa yangu, ng'ombe ni wangu, hata polisi wanakubali. Chapa hii ni ya nani?"

Queen alitazama tena juu, akatazama kigoda. Alifungua daftari lake.

Malale hakumsubiri. Alimchukua mbuzi kutoka kwa mwanawe, akasimama kwenye ukingo wa ule weupe, akavua kofia.

"Severini," alisema, "mimi ni Malale. Mwanangu amempenda mjukuu wako. Mbuzi wako huyu hapa. Waliniambia uko ziwani. Nashukuru haupo, mimi maji siyawezi. Umefanya kazi nzuri hapa. Tupokee."

Damiano alilia kabla ya mkewe. Alilia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya wauza chipsi, na hakuna aliyemcheka.

Queen aliandika akiwa amesimama, daftari juu ya mkono. Jina la marehemu, Severini. Mwaka, themanini na saba. Akafika kwenye kazi ya marehemu, akasita, akauliza kwa adabu kama aandike mgonjwa.

"Fundi mizinga," alisema Gaudensia.

Akaandika. Shahidi asiye wa damu? Malale akataja jina lake. Uhusiano na marehemu?

"Mkwe."

"Ndoa imeshafungwa, mzee?"

"Andika mkwe," alisema Malale. "Marehemu mwenyewe ameshasikia."

* * *

Tingatinga lilikuja siku ya ishirini na mbili na likasimama kwenye mstari wa kamba iliyozungushiwa makaburi, kwa sababu daftari la Queen halikuwa jeupe tena. Mtu wa pili alikuwa amekuja Jumatatu baada ya ile Jumamosi ya mbuzi, bibi mmoja wa Kapalamsenga aliyesikia habari kwa wachuuzi wa dagaa. Kaka yake alikuwa pale. Akaja wa tatu. Yule aliyejifanya anasoma kalenda alikuja mwenyewe, saa za mchana watu wakiwa wengi, akasema ana shangazi. Hawakuwa na karatasi. Walileta walichokuwa nacho, Gaudensia akawa anaitwa ofisini kukaa nao kwenye benchi, na pale ambapo hapakuwa na shahidi mwingine, alisimama yeye. Bembea zilijengwa upande wa magharibi.

Agape aliolewa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata. Mwezi wa kumi, mawingu ya kwanza yalipokusanyika upande wa ziwa, Gaudensia alichukua unga wake wa mtama. Zamani alikuwa akienda alfajiri, khanga usoni, akirudi kinyumenyume na kuzifagia nyayo zake kwa tawi. Safari hii alikwenda saa tatu asubuhi, kwa kitenge cha kanisani, bakuli la unga likiwa wazi mkononi. Kulikuwa na foleni ya wageni waliokuja toka mbali kuona bustani yenye mizimu, nao walikuwa wameziba geti.

Méthode aliinuka kwenye kiti chake.

"Mpisheni huyo mama," aliwaambia. "Ana mtu wake humu."